Kiongozi mtumishi huanzia jikoni, si madhabahuni

Mufindi. Siku hizi neno "mtumishi" limekuwa cheo. Mtu akiingia kanisani na suti yake na Biblia kwapani, waumini humwamkia kwa heshima, "Bwana asifiwe, mtumishi." Kuna anayembebea begi, kuna anayemfutia kiti, na chakula chake hutengwa pembeni na kufunikwa kitambaa safi. Neno lililokuwa la anayehudumia limehamia kwa anayehudumiwa.

Katika mji mdogo kama Igowole, wilayani Mufindi mkoani Iringa, jambo hilo lina uzito kuliko mtu anavyoweza kudhani. Huku kwenye baridi, mashamba ya chai na misitu ya mbao, kiongozi wa kanisa ndiye anayeitwa mtu akiugua usiku, ndoa ikitikisika au msiba ukitokea. Mara nyingi neno lake husikilizwa kabla ya neno la daktari.

Hapo ndipo afya inapoingia. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kuwa mikoa mitatu inayoongoza kwa maambukizi ya VVU Tanzania yote iko Nyanda za Juu Kusini: Njombe asilimia 12.7, Iringa asilimia 11.1 na Mbeya asilimia 9.6, kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Kiwango cha taifa ni asilimia 4.4.

Kwa Iringa, hiyo ni sawa na mtu mmoja katika kila tisa. Maana yake ni kwamba si rahisi kupata ibada ya Jumapili isiyo na mtu ambaye asubuhi ile, kabla ya kutoka nyumbani, alimeza dawa yake ya kufubaza virusi. Je, atamwambia nani hali yake? Kiongozi wake atamsindikiza kliniki, atamgeuza kuwa mfano wa mahubiri, au atamwambia kwamba amepona na aache dawa?

Jibu linategemea aina ya mtu aliyesimama mbele, na mtu wa namna hiyo hatengenezwi siku ya kuwekewa mikono. Maisha ya baadhi ya viongozi wa kanisa wanaofahamika Afrika Mashariki yanaonyesha kuwa utumishi hujengwa hatua kwa hatua, kuanzia utotoni hadi siku ya kukabidhi ofisi. Hatua ya kwanza iko mikononi mwa wazazi.

Darasa la kwanza ni nyumbani

Katika nyumba nyingi za Mufindi mtoto hujifunza mapema kuchota maji, kusenya kuni, kumpelekea bibi uji na kumpokea mgeni mzigo. Wazazi huziona kuwa kazi za kusaidia nyumba. Lakini ndani yake kuna somo jingine: mtoto anajifunza kumtazama mwenzake na kutambua anahitaji nini kabla hajaombwa.

Tatizo huanza pale kazi hizo zinapogawanywa kwa upendeleo. Mtoto wa kiume akizoea kukaa sebuleni akisubiri sahani, huku dada yake akiwa jikoni, anafundishwa kwamba kuna watu wa kuhudumia na watu wa kuhudumiwa. Akija kuwa mchungaji au mwalimu wa dini, atayachukua mazoea hayo na kuyaingiza kanisani.

Mfano wa nyumba iliyofundisha tofauti unapatikana Kagera. Laurean Rugambwa alizaliwa mwaka 1912 katika ukoo wa kitawala wa Wahaya. Kwa desturi za wakati ule, mtoto wa ukoo huo alikuwa na kila sababu ya kukua akiamini kwamba watu wengine wapo kwa ajili yake. Mwaka 1921 alibatizwa pamoja na wazazi wake. Kwa utaratibu wa Mapadri Weupe wa enzi hizo, mtu mzima alifundishwa dini kwa miaka kadhaa kabla ya kubatizwa. Hivyo kabla ya kubatizwa, baba na mama wa ukoo mkubwa walikubali kuwa wanafunzi.

Mtoto huyo alipata upadri mwaka 1943, akawa askofu mwaka 1952, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika katika nyakati hizi. Yapo mengi yaliyomfikisha huko, lakini kwa wazazi ipo funzo moja dogo. Mtoto anayemwona baba yake akikubali kufundishwa, akiuliza asichokijua na kuomba radhi anapokosea, hapati shida baadaye kuamini kwamba mkubwa naye anaweza kuinama.

Miaka ya kutumwa

Baada ya nyumbani huja miaka mirefu ya kutumwa. Kwa Walutheri, kijana hupita shule ya Jumapili na kipaimara, wengine huwa waimbaji au walimu wa watoto, kisha wazee wa kanisa au wainjilisti wanaolea mitaa midogo ya usharika. Kwa Wakatoliki kuna watoto wanaotumikia altareni, vyama vya vijana, viongozi wa jumuiya na makatekista wanaoshika vigango ambavyo padri hufika mara chache tu.

Anayeelekea upadri husoma falsafa na teolojia kwa miaka saba au zaidi. Kanuni za Kanisa Katoliki zinataka awe ametimiza angalau miaka 25 ndipo apewe daraja la upadri, na angalau miaka 35 ndipo awe askofu. Watu wengine huona safari hiyo ni ndefu mno. Lakini sehemu kubwa yake ni kutazamwa: anaishije na wenzake, anapokeaje karipio, anafanyaje kazi ambayo haitatangazwa na mtu.

Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925 katika pwani ya Ziwa Victoria huko Bukoba, alianza kama mwalimu wa shule. Alifundisha kwanza, ndipo baadaye akasomea uchungaji. Mwaka 1964 akawa askofu wa Walutheri kaskazini magharibi mwa Tanzania, na mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, aliyoiongoza hadi mwaka 1984.

Aliyewahi kufundisha darasa la watoto anajua kazi hiyo inavyomfunza mtu. Ni kurudia neno moja mara kumi bila kuchoka, kumngoja anayechelewa kuelewa, na kufurahi mwanafunzi anapokupita. Ni kazi isiyo na kiti cha mbele, na inampa kiongozi wa kesho uvumilivu ambao hawezi kuupata kwa kushika kipaza sauti.

Ndiyo maana wazee wengi wa makanisa huwa na wasiwasi na kijana anayeruka hatua. Leo ameokoka, kesho ana bango lenye picha yake barabarani, keshokutwa ana walinzi. Kipaji cha kuhubiri anaweza kuwa nacho kweli. Kinachokosekana ni miaka ya kufagia kanisa, kubeba viti, kulala msibani na kumsikiliza mjane anayesimulia jambo lile lile kwa mara ya nne.

Kushuka baada ya kupanda

Mtihani unaofuata huja mtu akishapata cheo. Akiwa chini, kuhudumia ni lazima. Akiwa juu, anaweza kuacha na hakuna atakayemuuliza.

Christopher Mwoleka aliwekwa kuwa Askofu wa Jimbo Katoliki la Rulenge, magharibi mwa Kagera, mwaka 1969. Alikuwa na umri wa miaka 42, na askofu wa umri huo angeweza kuishi kwa kungoja watu wamfuate ofisini. Yeye alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akashiriki maisha na kazi za wanakijiji. Aliamini kwamba kushirikiana mali, kazi na maisha ni imani yenyewe ikiwa imeshuka shambani.

Wapo walioona askofu amejishushia hadhi. Lakini miaka hiyo hiyo maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, walikubaliana kuweka nguvu kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na Mwoleka akawa mmoja wa watetezi wake wakubwa.

Matunda ya uamuzi huo yapo hadi leo kwenye vijiji vya Mufindi, ambako tangu Desemba 2023 kuna Jimbo Katoliki jipya la Mafinga lililomegwa kutoka Iringa. Familia chache za jirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husali, kisha huulizana hali. Nani haonekani? Nani amejifungua? Nani hana mtu wa kumlimia? Walutheri na madhehebu mengine nao wana ibada za nyumba kwa nyumba zinazofanya kazi kama hiyo.

Kwa upande wa afya, maswali hayo ni ya thamani kubwa. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dawa, mama aliyejifungua na amezama kwenye huzuni, mzee mwenye shinikizo la damu ambaye hajaonekana wiki mbili: mara nyingi hawa hugunduliwa kwanza na jirani anayekuja kusali, kabla mtumishi wa zahanati hajapata taarifa.

Kidonda kinapokuwa mwalimu

Yapo mambo ambayo kiongozi hawezi kujifunza mpaka yamguse mwenyewe. Kwa mkoa kama Iringa, maisha ya Kanoni Gideon Byamugisha wa Kanisa la Anglikana nchini Uganda yanastahili kujulikana.

Byamugisha alikuwa mwalimu katika chuo cha teolojia mkewe alipofariki dunia mwaka 1991. Mwaka uliofuata alipima na kugundua kuwa naye ana VVU. Wakati ule hakukuwa na dawa kama za leo, na katika makanisa mengi UKIMWI ulihubiriwa kuwa adhabu ya wenye dhambi. Angeweza kunyamaza, na wengi wangemwelewa. Badala yake alijitokeza, akawa kiongozi wa kwanza wa dini barani Afrika kutangaza hadharani kwamba anaishi na VVU.

Hakufukuzwa. Aliendelea na huduma, akaoa tena mwaka 1995 mwanamke ambaye naye anaishi na VVU, na wakapata watoto wasio na maambukizi. Alisaidia kuanzisha mtandao wa viongozi wa dini wa Afrika wanaoishi na VVU au walioguswa nao, na mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Amani ya Niwano ya nchini Japani.

Kilichobadilika kwake hakikuwa teolojia tu. Alikuwa amesimama upande wa anayetoa msaada, ghafla akajikuta upande wa anayeuhitaji. Kiongozi aliyepita huko humsikiliza mgonjwa kwa masikio mengine.

Nyanda za Juu Kusini zinahitaji viongozi wenye masikio hayo, kwa sababu hatari bado ipo. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure nchini. Hazimalizi virusi mwilini, bali huvidhibiti visizaliane. Anayezitumia kila siku kwa usahihi mpaka virusi visionekane kwenye kipimo huishi na afya yake na hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Mama mjamzito anayezitumia vizuri ana nafasi kubwa ya kupata mtoto asiye na maambukizi.

Akiacha, virusi huanza kuzaliana tena, kinga hushuka na magonjwa kama kifua kikuu hupata mlango. Virusi vinaweza pia kuwa sugu, na dawa aliyoizoea ikashindwa kazi.

Kwa hiyo kiongozi anayemwambia muumini atupe dawa kama ushahidi wa imani anamweka kwenye hatari ya kifo, hata kama amesema kwa upendo. Anayetumikia humwombea, humshika mkono, humkumbusha tarehe ya kliniki, na siri aliyoambiwa inabaki kifuani mwake. Haitokei kwenye mahubiri ya Jumapili, hata bila kutaja jina. Kwenye kijiji, kila mtu anajua anayesemwa ni nani.

Nyumba ya mtumishi nayo ni shamba

Lipo kosa la upande wa pili. Baadhi ya viongozi huwahudumia watu wote isipokuwa wa nyumbani kwao. Simu inapokelewa saa sita usiku, kila msiba unahudhuriwa, lakini mtoto hajaulizwa habari za shule kwa mwezi mzima. Mama mchungaji anabeba wageni, bustani, kwaya na watoto, naye hana pa kusemea uchovu wake.

Mwili una mipaka. Kukosa usingizi kwa muda mrefu, kula ovyo na kubeba huzuni za watu bila kupumzika huweza kumletea mtu shinikizo la damu, hasira za haraka na sonona. Kiongozi aliyechoka namna hiyo huanza kuwaona watu kama usumbufu. Hapo hata akitabasamu, waumini hujua.

Kupumzika, kumwachia mwingine ibada ya wiki moja, na kwenda kupima afya si uvivu. Ni sehemu ya unyenyekevu, kwa sababu anayekubali kupumzika anakubali kwamba kazi ya Mungu inaweza kuendelea bila yeye. Waumini nao wana wajibu wao. Wasimgeuze mchungaji kuwa mtu asiyelala, kisha wamshangae akianguka.

Siku ya kukabidhi

Hatua ya mwisho ndiyo huonyesha kama miaka yote ilikuwa ya utumishi. Kanisa Katoliki humtaka askofu anayetimiza miaka 75 awasilishe barua ya kuomba kuacha madaraka. Makanisa mengine nayo yana umri wa kustaafu au vipindi vya uongozi. Kardinali Rugambwa, aliyeongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam tangu mwaka 1968, alistaafu mwaka 1992 akiwa na miaka 80, miaka mitano kabla ya kifo chake. Askofu Mwoleka aliachia jimbo mwaka 1996 kabla ya kufikia miaka 70, akaishi kama mstaafu hadi mwaka 2002. Mwaka 2013 ulimwengu ulimwona Papa Benedikto wa 16 akijiuzulu kwa sababu nguvu za mwili zilikuwa zimepungua, jambo lililokuwa halijatokea kwa takribani miaka 600.

Kwenye makanisa madogo, ambako mwanzilishi ndiye katiba, hatua hii huwa ngumu zaidi. Kiwanja kina jina lake, akaunti ina sahihi yake, na msaidizi anayependwa na watu huonekana kuwa adui. Kanisa hugawanyika, na familia zilizosali pamoja miaka ishirini huacha kusalimiana sokoni.

Aliyelelewa kutumikia huandaa wa kumpokea mapema. Humpa kazi za kweli, humwacha akosee kidogo, humsifu mbele ya watu. Akishaondoka harudi kila wiki kumfundisha namna ya kupanga viti.

Wazazi wafanye nini

Si kila mtoto wa Igowole atakuwa padri au mchungaji. Lakini atakuwa kiongozi wa kitu fulani: kikundi cha kukopeshana, darasa, zamu ya kiwandani, wodi ya hospitali au nyumba yake mwenyewe. Mazoea ni yale yale, na haya machache yanaanza leo.

Kwanza, kazi za nyumbani zisiwe na jinsia wala zisiwe adhabu. Mvulana aoshe vyombo, msichana aongoze sala ya familia. KKKT liliamua mwaka 1990 kuruhusu wanawake kuwekewa mikono kuwa wachungaji, hivyo binti anayeongoza sala leo hafanyi mchezo.

Pili, unapokwenda kumwona mgonjwa, mchukue mtoto pale inapofaa. Mpe yeye abebe ndizi au maziwa, aamkie, akae kimya akisikiliza. Mkirudi, mwambie kwamba mliyoyasikia kule hayasimuliwi shuleni. Kutunza siri ni sehemu ya kuhudumia.

Tatu, omba radhi mtoto akiwa anasikia. Ukimkaripia mwenzio bila haki, kosa lilionekana na watoto, basi na radhi iombwe mbele yao.

Nne, mtoto akichaguliwa kuwa kiranja au kiongozi wa kwaya ya watoto, usiishie kumpongeza. Muulize nani katika kundi lake anaachwa nyuma, na yeye amefanya nini kumsaidia. Rudia swali hilo wiki inayofuata. Na muda wake ukiisha, mfundishe kukabidhi kwa furaha na kumsaidia aliyempokea.

Tano, mweleze mtoto waziwazi jinsi ya kumpima anayejiita mtumishi. Kiongozi mwema hamtengi mtu na ndugu zake, hamdai fedha ili amwombee na hamzuii kwenda hospitali. Akikutana na anayemwambia yeye au mzazi wake aache dawa, asibishane naye. Aje nyumbani aseme siku hiyo hiyo, na dawa ziendelee kumezwa kwa saa zake.